Bibi Bwana wa Kilimanjaro na Mwisho wa Jukwaa Lake

May French-Sheldon, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alipita kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1891 akiwa na wapagazi zaidi ya mia moja, machela ya ufito, wigi la nywele za rangi ya dhahabu na gauni jeupe la hariri la kuvaliwa ikulu. Safari yenyewe ilichukua miezi michache. Kuisimulia kulichukua miaka zaidi ya 30, katika kumbi za Uingereza na Marekani, mpaka watazamaji walipokwisha. Hakuwa mwigizaji wa kuajiriwa na kikundi cha tamthilia, wala hakukariri maneno aliyoandikiwa na mtu mwingine. Mhusika wake alimtunga mwenyewe, akamshonea mavazi, akamchagulia jina la Bibi Bwana, kisha akamleta Moshi na Marangu kumjaribu mbele ya hadhira ambayo haikuwa rahisi kushangazwa.

Alizaliwa tarehe 10 Mei 1847 katika jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa mhandisi, mama yake tabibu. Aliolewa na Eli Lemon Sheldon, mtu wa mambo ya benki, wakahamia London na kuendesha huko kampuni ndogo ya uchapishaji. Mwaka 1886 May alitoa tafsiri yake ya Kiingereza ya Salammbô, riwaya ya Mfaransa Gustave Flaubert kuhusu Carthage ya kale, na mwaka 1889 akatoa riwaya yake mwenyewe, Herbert Severance. Riwaya hiyo imesahauliwa, na haikuonewa. Salammbô ni jambo jingine. Ni kitabu kilichojaa vito, maandamano na majeshi ya kukodiwa, na katikati yake yupo mwanamke anayeingia peke yake katika hema la adui akiwa amejipamba. Aliyewahi kukisoma kitabu hicho hawezi kushangaa sana anapofika kwenye picha za mfasiri wake akiwa Afrika Mashariki, amesimama na upanga kiunoni na vito vya bandia kifuani.

Miongoni mwa marafiki wa nyumba yao walikuwamo Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa, na Henry Morton Stanley. Mwaka 1890 Stanley alirudi Ulaya kutoka katika msafara wa kumtafuta Emin Pasha, na kumbi zikafurika watu waliotaka kumsikiliza. Sheldon aliyaona hayo kwa karibu. Aliona kwamba safari ya Afrika haiishii bandarini msafiri anaporudi, na kwamba faida yake kubwa huanza hapo, mbele ya watu waliokata tiketi.

Kwa mwanamke wa enzi ya Malkia Victoria, jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Ukumbi wa tamthilia ulimpa mwanamke umaarufu lakini ulimpunguzia heshima. Hata wanaume wa kazi hiyo walisubiri mpaka mwaka 1895 ndipo mmoja wao, Henry Irving, akapewa na Malkia cheo cha Sir. Mke wa mtu wa benki asingeweza kupanda jukwaani kuigiza bila minong'ono. Angeweza, hata hivyo, kupanda jukwaani kutoa mhadhara, akiwa na ramani, picha za kumulikwa kwa taa ukutani na mavazi ya safari. Mhadhara ulikuwa mlango wa nyuma wa jukwaa, na mlango huo ulihitaji ufunguo mmoja tu: safari ambayo hakuna mwanamke wa tabaka lake aliyekwisha kuifanya.

Aliondoka London Januari 1891. Alipofika Mombasa, wakuu wa Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki walikataa kumsaidia. Waliona mwanamke mweupe anayeongoza msafara peke yake ni balaa la kujitakia, na zaidi ya hayo, likimpata la kumpata, lawama zingewaangukia wao. Akavuka kwenda Unguja, ambako biashara ya misafara ilikuwa na taratibu zake za miaka mingi. Sultani Ali bin Said alimpa barua ya kumtambulisha, na wapagazi wakapatikana. Hapa ni vyema kukumbuka kwamba watu hao ndio walioifanya safari. Mpagazi wa Pwani alibeba mzigo wa kilo kama 30, akijua visima, njia, lugha za njiani na bei za hongo. Kirangozi alitangulia, wanyapara walisimamia makundi yao, askari walikaa nyuma kuangalia wanaotoroka. Utaratibu huo ulikuwapo kabla ya Stanley na kabla ya Sheldon, nao ungeweza kumfikisha Taveta mtu yeyote mwenye merikani, shanga na masango ya kutosha.

Alichouongezea ni maonyesho. Machela yake ilitengenezwa kwa ufito, ina mapazia na mito, na ilibebwa mabegani ingawa sehemu kubwa ya njia aliitembea kwa miguu. Alishika fimbo ndefu yenye bendera iliyoandikwa kwa Kilatini maneno ya kuwaonya watu wasimguse. Kiunoni alikuwa na bastola mbili. Katika mizigo mlikuwamo sanduku la dawa za kampuni ya Wellcome, na pete kwa maelfu zilizochorwa jina la Bibi Bwana, za kugawa njiani. Mfanyabiashara yeyote wa Darajani angeielewa hesabu ya pete hizo: kila kidole kilichovaa moja kilimtangazia mwenyewe bila malipo ya pili.

Nidhamu ya msafara nayo aliiigiza. Siku za mwanzo wapagazi walipogoma na kutua mizigo, alichomoa bastola, akamlenga tai aliyekuwa akipita juu yao, akamdondosha, kisha akawaamuru wainue mizigo. Wakainua. Kisa hicho alikirudia sana baadaye, na huko ukumbini kilikuwa kikipigiwa makofi. Alichokisimulia kwa sauti ya chini zaidi ni kwamba viboko navyo vilitumika katika msafara wake, kama ilivyokuwa katika misafara mingine ya wakati huo. Wapagazi hawakuachiwa nafasi ya kutoa mhadhara wao.

Taveta, mji wa migomba na kivuli ulio chini ya mlima kwa upande wa mashariki, ulikuwa kituo cha kawaida cha misafara. Misafara ilinunua vyakula hapo, ikapumzika, ikaamua ipande Uchagani au ielekee nchi ya Wamaasai. Kutoka hapo Sheldon alikwenda Ziwa Chala, ziwa la volkeno lililozama ndani ya shimo lenye kingo za mwamba mwinuko na vichaka vizito, ambalo Mzungu wa kwanza kulifikia alikuwa mmisionari Charles New mwaka 1871. Wenyeji walikuwa wakisimulia kwamba kuna kijiji cha Wamaasai kilichomezwa na maji hayo, na kwamba sauti za ng'ombe na watu bado husikika chini. Akiwa na ofisa mmoja wa Kampuni aliyekuwa Taveta, aliteremsha chombo cha kuelea kupita magogo na mawe hadi majini, wakalizunguka ziwa lote. Hili ni jambo la kweli la kijiografia, labda pekee katika safari nzima ambalo wataalamu wa ramani wangeweza kulitia kwenye hesabu zao. Yeye mwenyewe aliliona hivyo, akalipa sura ndefu katika kitabu.

Alipofika Chala alikuwa amekwisha kugusa mpaka. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalikuwa yameupitisha mstari kati ya Taveta na mlima, ukikata ziwa lenyewe, na Moshi na Marangu zikawa upande wa Wajerumani. Mstari huo ulikuwa kwenye karatasi zaidi kuliko ardhini. Juu ya mlima kulikuwa na nchi nyingi ndogo, kila moja na mangi, yaani mtawala wake, mifereji yake ya maji, vihamba vyake vya migomba na vita vyake na jirani. Sheldon aliwaita wote masultani, ndiyo maana kitabu chake cha mwaka 1892 kinaitwa Sultan to Sultan. Mangi hakuwa sultani, lakini msomaji wa London aliyezoea hadithi za Alfu Lela Ulela angelipia sultani haraka zaidi.

Moshi ya wakati huo haikuwa mji wa leo wa tambarare, ambao ulikua baadaye reli ya kutoka Tanga ilipofika muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilikuwa juu, mahali panapoitwa sasa Old Moshi, na mangi wake alikuwa Rindi, ambaye Waswahili na Wazungu walimjua kwa jina la Mandara. Kama kuna mtu mlimani aliyeijua kazi ya jukwaa kuliko Bibi Bwana, ni huyu mzee wa jicho moja. Kwa miaka 20 alikuwa amewapokea wageni mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimwonyesha mchezo unaomfaa. Charles New alivuliwa mali yake, ikiwa ni pamoja na saa ya dhahabu. Harry Johnston, mwaka 1884, alikaribishwa kama rafiki. Karl Jühlke, mwaka 1885, aliondoka na karatasi ya mkataba akiamini amepewa nchi. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walipewa mahali pa kujenga mwaka huohuo. Kila mmoja alidhani yeye ndiye anayemtumia Mandara.

Mwaka 1889 Mandara alifanya jambo ambalo hakuna mangi aliyekwisha kulifanya: alituma wajumbe wake mpaka Berlin, wakiongozwa na Mjerumani Otto Ehlers, wakaonana na Kaisari Wilhelm wa Pili. Zawadi za Kaisari zilifika Moshi mwaka uliofuata. Wasafiri wa siku hizo wamesimulia kwamba miongoni mwake mlikuwa na vazi lililotoka katika stoo ya jumba la opera la Berlin, vazi la kuigizia ufalme. Kama ni hivyo, basi kabla wigi la Sheldon halijafika Uchagani, mangi wa Moshi alikuwa tayari na vazi la jukwaani la Ulaya nyumbani kwake, na alijua thamani yake: ni kitu anachovaa mtu anayetaka watu wamtazame.

Mwaka 1891 ulikuwa mwaka wa mwisho wa maisha ya Mandara. Mwezi Februari, wiki chache kabla ya Sheldon kuanza kupanda kutoka Pwani, Hermann von Wissmann alikuwa amempiga Mangi Sina wa Kibosho, mpinzani mkubwa wa Moshi, kwa mizinga na askari wa Kisudani na Kizulu, watu wa Mandara wakiwa upande wake. Moshi palikuwa na kituo cha Wajerumani na ofisa wake. Kwa hiyo mgeni huyu wa kike aliyeamini kwamba anaingia nchi ambayo ustadi wake peke yake ndio utakaomfungulia milango, aliingia nchi iliyotoka kusikia mizinga. Aliyempokea hakumpokea kwa sababu ya gauni. Alipokea mgeni mwingine katika foleni ndefu ya Wazungu, akapima mzigo wake, akaangalia yuko upande gani.

Marangu ndiko kulikotokea kisa kinachomweleza vizuri kuliko vyote. Mangi Marealle alikuwa kijana mrefu wa sura nzuri, mwerevu wa siasa, ambaye miaka miwili nyuma Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walianzia kwake kupanda mpaka kilele, walichokifikia Oktoba 1889. Alikuja kumlaki mgeni akiwa amevaa mavazi ya kijeshi ya Kijerumani. Kwa maelezo ya Sheldon mwenyewe, alimkaripia: alimwambia nguo hizo zinamfanya aonekane kama mbuzi, na kwamba anataka kumwona katika nguo zake za asili, kama mtawala mkubwa wa Kiafrika aliye. Marealle alikwenda, akarudi amejitanda kitambaa kwa namna ya kwao, na Sheldon akamsifu kwa kurasa kadhaa.

Kisa hicho kikisomwa haraka, Sheldon anaonekana mtu aliyeheshimu utamaduni wa wenyeji wakati wenzake wanaudharau, na wako waliomsoma hivyo. Lakini aliyekuwa akimwambia mangi avue nguo za kuigiza ni mwanamke aliyebeba wigi kutoka London. Alichokitaka ni kila mhusika avae nguo inayolingana na nafasi aliyopangiwa katika mchezo wake: yeye malkia, Marealle sultani. Marealle naye alikuwa na mchezo wake. Vazi la Kijerumani lilikuwa ujumbe kwa Wajerumani na kwa mahasimu wake wa Moshi na Kibosho, na ujumbe huo ulikuwa na faida kubwa kwake kuliko sifa za msafiri mmoja. Alilivua kwa adabu ya mwenyeji mbele ya mgeni. Miaka michache baadaye alikuwa mangi mwenye nguvu kuliko wote mlimani chini ya utawala wa Wajerumani, jambo linaloonyesha kwamba hakukosea kuchagua vazi.

Safari ya kurudi ilipita upande wa Wajerumani kuelekea Pangani. Katika daraja la magogo wabebaji waliteleza na machela ikaanguka, yeye ndani. Aliumia vibaya mgongo, na kuhara damu kukamzidishia, hata akafikishwa Pwani akiwa amelala hoi. Wapagazi wale wale waliosimuliwa kama watoto wa kutishwa kwa bastola walimbeba mgonjwa huyo mpaka baharini. Ajali hiyo iliingia katika mhadhara nayo, ikawa sehemu ambayo wanawake ukumbini walitoa leso.

Mlimani, mandhari aliyoiacha ilibadilika haraka kuliko alivyopona. Kabla mwaka huo haujaisha Mandara alifariki, na mwanawe Meli akashika nchi. Carl Peters aliletwa Kilimanjaro kama mwakilishi wa Kaisari, akakaa Marangu, na huko akawanyonga Mabruk, mtumishi wake, na Jagodjo, msichana wa Kichaga, ukatili uliokuja kumfukuzisha kazi. Juni 1892 Meli alikishinda huko Moshi kikosi cha Freiherr von Bülow, aliyeuawa. Agosti 1893 Wajerumani walirudi na nguvu kubwa na kumshinda. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na Ngalami wa Siha, Molelia wa Kibosho na wengine, 19 kwa jumla. Baada ya hapo hakuna msafiri aliyehitaji tena hongo, wigi wala pete kupanda Uchagani. Alihitaji ruhusa ya bomani. Mchezo wa Bibi Bwana uliwezekana katika kipindi kifupi tu, wakati mangi alikuwa bado na uwezo wa kumkubali au kumkataa mgeni, na kipindi hicho kilifungwa wakati msimuliaji wake ndiyo kwanza anakipigia debe Ulaya.

Huko Ulaya mambo yalikuwa mazuri. Agosti 1891 alisoma taarifa yake mbele ya mkutano wa Chama cha Uingereza cha Maendeleo ya Sayansi mjini Cardiff. Mwaka 1892 kilitoka kitabu, na pia makala katika jarida la Taasisi ya Anthropolojia kuhusu mila za watu kutoka Taita hadi Kimangelia. Novemba 1892 aliingizwa katika Shirika la Kifalme la Jiografia pamoja na wanawake wengine wachache, akiwamo msafiri mashuhuri Isabella Bird. Mwaka uliofuata wanaume wa shirika hilo waligombana hadharani, wakafunga mlango baada ya wanawake 22 kuingia, na haukufunguliwa tena mpaka 1913. Mwaka 1893 vifaa vyake vilionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago. Lakini mume wake alikuwa amefariki mwaka 1892, na tangu hapo jukwaa halikuwa sifa peke yake. Lilikuwa riziki.

Mhadhara mmoja hauwezi kulisha mtu maisha yake yote. Waliosikia habari za tai na daraja walitaka kusikia jipya, na msafiri asiyerudi Afrika huchakaa pamoja na picha zake. Mwaka 1903 alipata njia ya kurudi, na hapo ndipo jukwaa lake lilipooza. W. T. Stead, mwandishi wa habari wa London, alimwona anafaa kwenda Kongo kuchunguza ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alisafiri huko miezi mingi, akibebwa na meli za serikali ileile aliyokwenda kuichunguza, akionyeshwa vituo vilivyofagiliwa. Wakati huohuo, Februari 1904, ilichapishwa taarifa ya balozi Roger Casement yenye ushahidi wa mateka, viboko na mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira, na mwezi Machi E. D. Morel akaanzisha chama cha kudai mageuzi ya Kongo. Sheldon aliporudi alisema kinyume chao. Aliandika katika gazeti kwamba ukatili aliouona mitaani London ni mwingi kuliko aliouona Kongo. Akaitisha mhadhara wa picha katika hoteli ya Savoy, ukumbi wa watu wakubwa, kuutetea utawala wa Leopold.

Baadaye ilidhihirika kwamba alikuwa akilipwa. Nyuma ya safari yake alikuwapo Alfred Jones, tajiri wa meli wa Liverpool ambaye biashara yake na Kongo ilikuwa kubwa, na fedha za mfalme zilimlipa kushawishi wabunge. Ustadi ulikuwa uleule wa Marangu: mpangilio, mavazi, picha, sauti ya mtu aliyekuwapo. Tofauti ni kwamba sasa vilitumika kuficha maiti. Waliomhurumia wamesema alidanganywa na ziara za kupangwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Mtu aliyeishi kwa kupanga maonyesho anajua kuyatambua anapowekewa na wengine. Leopold alilazimika kuiachia Kongo mwaka 1908, na ushahidi wa Casement ukathibitika. Mhadhiri aliyesimama upande wa pili hakupata tena hadhi aliyokuwa nayo Cardiff.

Kipindi cha Liberia kilichofuata, ambako alijaribu kupata ardhi kwa ajili ya kampuni ya mashamba, hakikuzaa kitu cha kusimuliwa. Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyompa hadhira ya mwisho yenye hamu. Alizunguka akihutubia kuchangisha fedha za Msalaba Mwekundu wa Ubelgiji, na mwaka 1921 Ubelgiji ikamtunuku nishani ya Taji, nishani aliyoianzisha Leopold mwenyewe kwa ajili ya Kongo. Wakati wa vita hivyo, askari wa Afrika Mashariki waliopigana chini ya Kilimanjaro, Taveta, Salaita na Latema, walikuwa wakizikwa mahali palepale ambapo msafara wake ulipumzika, na Moshi ikabadili bendera kutoka ya Kijerumani kwenda ya Kiingereza. Katika kumbi za Marekani habari hizo hazikuingia. Huko Kilimanjaro ilibaki ya mwaka 1891.

Alifanya ziara ya mihadhara Marekani miaka ya 1923 na 1924, akiwa na umri unaopita miaka 75, mbele ya vyama vya wanawake waliomtazama kama mama wa zamani aliyewatangulia. Kwao alikuwa tena Bibi Bwana, mwanamke aliyeongoza wanaume bila kumwaga damu. Ila mhadhara wenyewe, kama burudani, ulikuwa ukifa. Redio ilikuwa imeanza matangazo ya kawaida Pittsburgh, katika jimbo alikozaliwa, mwezi Novemba 1920. Sinema ilikuwa imechukua Afrika: Martin na Osa Johnson walifika Afrika Mashariki na kamera, na filamu yao ya mwaka 1923 iliwaonyesha watazamaji wanyama wakikimbia kweli, na mwanamke kijana mwenye bunduki akitembea kweli mbele yao. Picha za taa zilizosimama tuli, na bibi kizee akieleza alivyomlenga tai miaka 30 nyuma, havikuweza kushindana na hilo. Osa Johnson alikuwa mrithi wake bila kujua, akiwa na vazi jipya na mtambo mpya.

May French-Sheldon alifariki London tarehe 10 Februari 1936, akiwa na miaka 88. Malkia Victoria alikuwa amekufa miaka 35 kabla yake, Mandara 45, na Wachaga walikuwa tayari na chama cha ushirika cha kahawa, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933, chenye ofisi katika mji wa Moshi ambao yeye hakuwahi kuuona. Miezi sita baada ya kifo chake jarida moja la Marekani lilichapisha hadithi ya Ernest Hemingway kuhusu theluji ya Kilimanjaro, na mlima ukapata msimulizi mwingine kwa wasomaji walewale.

Sultan to Sultan bado kinasomwa, hasa na wanaochunguza historia ya wanawake na ukoloni, na kina manufaa kwa mtu anayetafuta picha za Taveta, Chala na Marangu za mwaka 1891. Kisisomwe peke yake. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle, wa ukoo wa Marealle wa Marangu, alitoa kitabu cha Kiswahili kiitwacho Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera, na mwaka 1964 Kathleen Stahl alitoa historia ya nchi za Wachaga iliyokusanywa kutoka kwa wazee wa mlima. Msomaji atakayeviweka vitatu hivyo mezani pamoja ataona haraka nani alikuwa mwenyeji na nani alikuwa mgeni katika mchezo ule.